Mke Mwenzangu Aliposomea Saikolojia

Nakumbuka mchana mmoja, mwisho wa mwezi wa Agosti, basi kutoka Nairobi liliposimama hapa Garissa na mke mwenzangu Sahara akashuka amekumbatia vitabu vinne kifuani. Mume wetu Bare, ambaye hakuwahi kunipokea mimi stendi hata siku moja, alikuwa amemsubiri tangu asubuhi. Akavichukua vile vitabu mwenyewe. Kimoja kilikuwa na picha ya kichwa cha mtu kilichopasuliwa, ubongo wote nje. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwaangalia wakija.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu jana nimekusikia. Ulikuwa barazani na wenzako, mkimzungumzia yule rafiki yako aliyepata nafasi chuo kikuu. Ukasema, "Si anasomea wazimu tu? Atarudi mwenyewe amechizi." Wenzako wakacheka. Mimi sikucheka. Niliyajua maneno yale. Niliyasema mwenyewe, karibu neno kwa neno, wakati mama yako bado ananyonya.

Sahara alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Elwak. Bare alimwoa mwaka wa saba wa ndoa yangu. Kwa haki ya Mungu, sikuwa na neno naye hapo mwanzo. Alikuwa mpole, anasalimia, watoto wangu wakampenda. Shida ilianza alipoamua kusoma digrii. Walimu wakati ule walikuwa wanasoma shule zikifungwa: Aprili anaenda, Agosti anaenda, Desemba anaenda. Na katika masomo yote ya dunia, akachagua saikolojia.

Sisi tuliokuwa tunauza maziwa ya ngamia sokoni hatukujua ni kitu gani. Nilimuuliza mwanamke mmoja ambaye kaka yake alikuwa karani ofisini. Akaniambia, "Ni elimu ya kujua yaliyo kichwani mwa mtu bila yeye kukuambia."

Basi, mwanangu, usingizi wangu ukaisha. Mbele ya watu nikacheka kwamba anasomea wazimu, atarudi amechizi; usiku nikajiambia, huyu anasomea kichwa cha Bare. Atajua anachotaka kabla hajasema, atampa, na mimi nitabaki na madumu yangu ya maziwa. Kila Bare alipofungua mdomo nikasikia habari za Sahara, ambaye alimwita Mwalimu. Zamani alikuwa anakuja kwangu kuniuliza kama mbuzi fulani awauze sasa au angoje mvua. Yeye ni dalali wa mifugo, na alipenda shauri langu. Sasa akawa ananiambia, tena katika zamu yangu, nikimmiminia chai, "Mwalimu anasema mtu akiwa na hasira sana, mara nyingi kuna kitu anakiogopa."

"Na mimi naogopa nini?" nikamuuliza.

"Sikusema wewe."

"Ulimsema nani? Ngamia?"

Akanywa chai yake. Ndivyo tulivyoishi karibu miaka mitatu.

Mwaka wa mwisho, Sahara akatakiwa kufanya utafiti wake wa kumalizia masomo. Akachagua akina mama waliofiwa na watoto wachanga, aandike jinsi wanavyoishi na ule msiba. Alipata wanawake kumi na mmoja hapa mtaani. Jioni akitoka shule alikwenda nyumba moja, akakaa na mwenye nyumba, akasikiliza, akaandika kwenye daftari kwa Kisomali chetu. Mmoja wao alikuwa Dahabo, mwenzangu wa kuuza maziwa, tuliyekaa naye bega kwa bega sokoni miaka mingi. Dahabo alizaa mapacha, na mmoja akafariki siku ya tisa. Tangu hapo hakuwa Dahabo tena. Alikuwa anauza, anarudisha chenji, lakini ukimuita ilibidi umuite mara tatu. Alipoanza kukaa na Sahara, nikaona anarudi kidogo kidogo. Siku moja akacheka. Akanigeukia akaniambia, "Habiba, mke mwenzako ana masikio ya ajabu."

Ungedhani ningefurahi kwa ajili ya rafiki yangu. Mimi nilichosikia ni kwamba Sahara amechukua mume, sasa anachukua na Dahabo.

Kesho yake, tukiwa wanawake sita au saba tunasubiri gari la maziwa, nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, mnajua yale mnayomwambia Sahara yanakwenda wapi? Yanaandikwa pamoja na majina yenu. Yanasomwa darasani Nairobi, mbele ya wanaume."

Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilitunga pale pale, na ulimi wangu haukukwama hata kidogo.

Siku mbili hazikupita, wanawake wakaja nyumbani baada ya sala ya alasiri. Walikuwa wengi kuliko wale kumi na mmoja, maana wengine walikuja kutazama tu. Sahara akatoka nje hata mtandio hajaufunga vizuri.

"Nani amewaambia hayo?" akauliza.

Dahabo alinitazama mara moja, akainamisha macho. Hakunitaja. Hilo nalo nalibeba mpaka leo.

"Sikuandika jina la mtu yeyote," Sahara akasema.

"Tutajuaje? Sisi hatusomi," mmoja akamjibu. "Turudishie maneno yetu."

Sahara akaingia ndani. Nilidhani atajifungia na kulia. Akatoka na madaftari matatu, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuchana kurasa. Taratibu, bila kuharakisha. Za huyu akampa huyu, mkononi, na za yule akampa yule, mpaka madaftari yakabaki majalada matupu. Bare alifika akitokea sokoni wakati wanawake wanatawanyika. Alipoelewa kilichotokea alishika kichwa.

"Kazi ya mwaka mzima! Ungenipa mimi nizifungie kabatini!"

"Hata wewe huna ruhusa ya kuzisoma," Sahara akamjibu. "Niliwaahidi."

Pale nilijua kitu ambacho ningekijua zamani kama ningeuliza. Miaka yote ile hakuwahi kumwambia Bare siri ya mtu. Wala yangu.

Lakini usidhani niliona aibu. Ningependa kukuambia niliona aibu. Nilipika wali na nyama siku ile, na nilikuwa naimba jikoni. Mwalimu wake Nairobi alimwambia aanze upya, na wenzake wakavaa majoho yao yeye akiwa Garissa anasahihisha madaftari ya darasa la tatu. Mimi nikawa nalala vizuri.

Wiki ya tatu tangu Sahara aache kwenda kwa Dahabo, asubuhi, nimefika sokoni nikamkuta mtoto wa Dahabo, yule pacha aliyebaki, amelazwa katikati ya madumu kwenye leso. Dahabo hayupo. Nikadhani ameenda haja. Nikauza dumu zima, hajarudi. Muuza miraa wa jirani akaniambia, "Yule aliondoka mapema. Alikuwa anatembea tu, hata viatu hana." Nikamchukua mtoto. Midomo yake ilikuwa imekauka, analia sauti haitoki. Mwanangu, nilijua papo hapo ni ulimi wangu uliomfikisha pale.

Sikwenda kwa Bare. Nilikimbia kwa mama yake, Ayeyo Kinsi, bibi wa watoto wangu, mwanamke mkavu wa Eldas ambaye hakuwa na maneno mengi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mtoto begani. Nilitegemea atanipiga kofi. Akampokea mtoto, akamlowesha midomo kwa maji, ndipo akaniuliza.

"Mume wako aliwahi kukosa zamu yako?"

"Hapana."

"Matumizi yako yalipungua?"

"Hapana, Ayeyo."

"Basi si mume. Unamwonea wivu wa kitu gani?"

Akasema, "Baba yako alikutoa shule ukiwa darasa la nne. Mama yako aliniambia tulipokuja kukuposa. Alisema ulikuwa wa kwanza darasani. Ulimlilia nani?"

"Sikulia."

"Umelia leo, kwa kumvunjia mwenzako. Na huyu mama aliyepotea alikosa nini katika hesabu zako wewe na baba yako? Toka hapa. Nenda kwa Sahara ukaseme kwa mdomo ule ule."

Sahara alikuwa anafundisha. Nilisimama mlangoni mwa darasa na mtoto wa watu mikononi, watoto hamsini wakinitazama. Akatoka. Nikamwambia, mimi ndiye niliyesema. Nikamwambia Dahabo amepotea. Uso wake, mwanangu, sijawahi kuona uso kama ule. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

Akauliza tu, "Alielekea wapi?"

Tulimpata chini kwenye mashamba ya kando ya mto Tana, ameketi nyuma ya kibanda cha pampu, miguu imechanika kwa miiba. Maji hayakuwa mbali. Sahara hakumpigia kelele, hakumwambia amche Mungu, hakumuuliza kwa nini. Alikaa chini kwenye tope na buibui lake la kazi, karibu naye. Wakakaa hivyo mpaka kivuli cha kibanda kikasogea. Kisha Dahabo akaingiza mkono kifuani akatoa zile kurasa, zimeloa jasho.

"Sijui niliongea nini," akasema. "Nisomee."

Sahara akanigeukia. "Niachie mtoto. Wewe nenda barabarani. Haya si yako."

Nikaenda. Nikasimama juani juu ya barabara, nikaona tu kichwa cha Sahara kimeinama juu ya karatasi, na Dahabo anatikisika mabega. Sikusikia neno. Sijui mpaka leo kilichoandikwa mle. Lakini nilimwona Dahabo akinyoosha mikono akamchukua mtoto wake.

Tukampeleka Dahabo hospitali siku ile ile. Alipewa dawa, na Sahara akaendelea kwenda kwake kila jioni, mwezi baada ya mwezi. Kupona kwake hakukuwa kwa haraka, alirudi nyuma mara mbili. Lakini alipona. Yule mtoto leo ana duka la nguo, na wewe umenunua hijabu kwake.

Mimi nilizunguka nyumba zote kumi zilizobaki. Ayeyo Kinsi ndiye aliyeniamuru, na hakunipa mtu wa kunisindikiza. Kila mlango nikasema, "Nilidanganya. Sahara hana kosa." Wengine walinisamehe kwa chai. Mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Nyumba mbili hazijawahi kunifungulia tena. Bare alipojua hakuniongelesha mwezi mzima, na nilistahili.

Nikamwomba Sahara anifundishe kusoma upya, maana ya darasa la nne yalikuwa yameshanitoka. Nilidhani atafurahi, nilidhani ndivyo mambo yanavyoisha. Akaniambia, "Abayo, dada yangu, bado nina hasira na wewe. Nikikufundisha nitakufundisha vibaya. Nenda ngumbaru, kwenye darasa la watu wazima, kuna mwalimu mzuri." Nikaenda ngumbaru nikakaa na wazee wenye ndevu nyekundu za hina. Sahara akapata wanawake wengine huko kwao Elwak, akaandika upya, akahitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Nilikwenda Nairobi kumwona amevaa joho. Na nikwambie ukweli, nilimwonea wivu hata siku ile. Tofauti ni kwamba nilijua jina la wivu ule. Nikamwambia, "Sahara, nakuonea wivu." Akanitazama, akacheka mara ya kwanza tangu yale, akasema, "Najua. Shika hiki kikofia, kinanibana."

Sasa sikiliza, mwanangu, maana si hadithi ya kukuburudisha.

Wivu kuingia moyoni si dhambi yako. Unaingia bila hodi. Lakini usiupe ulimi wako kabla hujauliza unalilia nini hasa. Mimi nilidhani nalilia mume, kumbe nalilia dawati la darasa la tano. Kama ningejua, ningeenda ngumbaru miaka mitatu mapema, na Dahabo asingefika mtoni. Ukishaujua, mwambie mtu mmoja anayekupenda vya kutosha kukukemea. Usiwaambie wanaokucheka.

Na mtu akiaminiwa na wengine, usiguse ile imani. Ukiiharibu humuumizi yeye peke yake. Unawaumiza wote waliokuwa wameiegemea, na wao hata hukuwafikiria.

Tena usiseme anasomea wazimu. Anasomea kukaa chini na mtu aliyeumia bila kukimbia. Huku kwetu, ambako kila nyumba ina msiba na hakuna anayeuzungumza, wangapi wanaweza hilo? Na wewe, kama roho yako inataka chuo, sema. Niambie mimi. Alama zako hazikutosha mwaka huu, hujafa. Tutatafuta njia, iwe ya kurudia mtihani, iwe ya kuanzia cheti.

Leo kabla ya magharibi, nenda kwa rafiki yako. Mwambie ulichosema barazani, kwa mdomo ule ule. Kisha msaidie kufunga sanduku.

Mungu akupe moyo mweupe, mwanangu. Akufungulie mlango wako mwenyewe, usihitaji kuufunga wa mwenzako. Akulindie ulimi wako, na akukutanishe na watu watakaokusikiliza siku utakapoumia. Amin.