Mzee Alizikwa Nikiwa Karantini

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini msome mpaka mwisho, na msiniletee yale maneno yenu kwamba wazee wanapenda kulalamika. Mimi nilifika darasa la nne peke yake. Nimeandika kwa mkono wangu, na pale mkono uliposhindwa, mjukuu wangu wa kike ameandika nikimwambia. Hajaongeza kitu. Nilimkataza.

Mume wangu alikufa nikiwa nimefungiwa ndani ya chumba cha hoteli ng'ambo. Watu wangu walijua saa ile ile. Mimi niliambiwa baada ya wiki nzima.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kigeni, mwanamke, aliyefundisha chuo kikuu hapa Kakamega mjini, na mama yake alikuwa mzee wa kuoshwa na kulishwa. Nilimtunza miaka mitatu, Jumamosi narudi kwangu Mautuma. Waliporudi kwao, yule bibi akakataa kulishwa na mkono mwingine. Binti yake akaniomba niende miezi sita. Ulikuwa wakati wa korona. Mzee wangu alikuwa na presha na mguu umevimba, nikasita. Ni yeye aliyenisukuma.

"Nenda, mama. Mguu ni wangu, si wako."

Kutoka uwanja wa ndege tuliingizwa kwa basi lenye askari mbele, tukapelekwa moja kwa moja hotelini. Siku kumi, tukaambiwa. Hakuna kutoka. Chumba kilikuwa safi, siwezi kusema uongo. Kitanda kipana kama cha watu wanne. Lakini dirisha halikufunguka, na nje yake ulikuwa ukuta wa jengo lingine. Sikuona udongo, sikuona jani. Chakula kililetwa na mtu nisiyemwona. Anabisha, anakimbia. Nikifungua napata mfuko wa karatasi chini na korido tupu mpaka mwisho.

Mimi nimezoea kuamka nikingojwa, na ng'ombe, na moto, na uwanja wa kufagia. Pale niliamka nikatandika kitanda, nikakitandua, nikakitandika tena. Leso yangu niliifua mara tatu kwa siku na haikuwa chafu. Nilijaribu kuomba, nikasahau maneno katikati. Siku ya pili nililia, mimi ambaye watoto wangu hawajawahi kuniona nikilia. Nilijiuliza mtu mzima na akili yake anafungwa vipi bila kuiba.

Kilichonishika ni simu ya mzee. Kila siku mchana alinipigia, redio yake ikinguruma kando, maana hakuizima hata akiongea.

"Kuku wa mayai, umeamkaje?"

"Usiniite kuku."

"Si umefungiwa ndani, unaletewa chakula mlangoni? Sasa umetaga mangapi?"

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa. Mguu unakusalimia."

Siku ya nne hakupiga. Nikapiga mimi, akashika kijana wetu mkubwa.

"Mzee ako wapi?"

"Amelala, mama."

"Saa hii? Mzee huyu analalanga mchana tangu lini?"

"Amechoka tu. Ni mguu."

Siku ya tano nikaambiwa simu yake iliingia maji, na yeye mwenyewe ameenda kwa jirani. Na mguu ule. Siku ya sita akashika mke wa huyo kijana wangu, msichana mzuri asiyejua kudanganya. Nikasikia nyuma yake sahani zinagongana, nyingi, na watu wanaongea chini chini.

"Hizo ni sahani za nani?"

"Ni za watu wa kupalilia, mama."

"Wako wangapi?"

"Ni wengi."

"Basi wasongee obusuma ya kutosha, ugali usipungue. Usinitie aibu na watu wakiwa kwangu. Na uchinje ule jogoo mwekundu, mzee apate mchuzi."

"Amechinjwa, mama," akasema, na simu ikakatika.

Siku hiyo mfuko wa mlangoni ulikuwa na kipande cha kuku. Nilikula chote. Nikatuma ujumbe nyumbani kwamba leo wamenipa nyama, ila chumvi ni kidogo.

Mtaniuliza kama sikushuku. Nilishuku. Redio haikusikika siku tatu, na mimi nina masikio. Lakini nilijiambia nikiuliza sana nitapewa jibu, na jibu nitalifanyia nini ndani ya chumba kile? Nikaacha kuuliza. Nikatandika kitanda.

Siku zikaisha, mlango ukafunguliwa. Yule mwalimu alikuja kunichukua na gari. Alinikumbatia kabla hajanisalimu, na huyo si mtu wa kukumbatia. Yeye pia alikuwa anajua. Walikuwa wamempigia kutoka nyumbani. Akanipa simu yake, na kijana wangu alikuwa tayari anangoja upande ule.

"Mama, umekaa chini?"

"Nimesimama. Sema."

"Mzee alituacha."

"Lini?"

"Ile siku nilikuambia amelala."

Nikashika mlango wa gari. "Na sahani?"

"Ni za matanga, mama. Serikali ilitaka azikwe haraka, na watu wachache, lakini jamaa walijaa tu. Tulimzika siku ile ya sahani."

Nikamtukana. Mbele ya wageni, kwa lugha yetu, nikamtukana mtoto niliyemzaa mpaka sauti ikaisha. Yeye akangoja. Halafu akaniambia, bila kunijibu kwa ubaya, "Lakini mama, si ni wewe ulitufundisha?"

Na alisema kweli. Kwetu mtu aliye safarini haambiwi kifo. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, ili afike salama, alilie nyumbani. Miaka ya nyuma, mke wa shemeji yangu alikuwa kazini Mombasa, mtoto wake akafa hapa kwetu. Mimi ndiye niliyeshika simu. Nikamwambia, njoo, mtoto ana kikohozi. Kijana wangu alikuwa amekaa kando yangu akisikiliza. Yule mama alisafiri kutwa, akashuka kwa lango letu na machungwa na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi, akauliza mtoto yuko chumba gani. Watu walinisifu sana siku ile. Walisema nina moyo wa mtu mzima. Yeye mpaka leo huniamkua kutoka mbali.

Ndege ya kurudi haikupatikana upesi. Nilimwosha yule bibi na kumlisha wiki moja, mdomo wangu umefungwa. Sikuwa na chuki naye. Sikuwa na kitu chochote ndani yangu.

Nilifika nyumbani nikakuta mchanga wa kaburi umeshashikana na nyasi zimeanza kuchipuka pembeni. Kwetu mke anakaa karibu na kichwa cha maiti ya mume wake mpaka inapotolewa kuzikwa. Wakanionyesha mahali waliweka kiti, wakatandika leso yangu juu yake, ikakaa badala yangu. Wao walinyolewa siku ya tatu baada ya maziko, kama desturi ya msiba, na nywele zao zilikuwa zimeota tena. Mimi nikanyolewa peke yangu, nimekaa kwa kigoda nyuma ya nyumba, na hakuna aliyekuwa na machozi ya kunisaidia. Walikuwa wamemaliza yao.

Hicho ndicho kitu sijakisamehe, na sijui nimsamehe nani. Mlango wa hoteli haungefunguliwa hata ningejua. Hilo nalijua. Lakini ningekaa sakafuni. Ningefunga leso kiunoni nikalia na wao saa ile ile, hata ukuta ukiwa kati yetu. Kile kipande cha kuku nisingekitia mdomoni.

Jioni ya kunyolewa, kabla ya chakula, niliwaita wote sebuleni, wakubwa na watoto, na mke wa shemeji pia nikatuma aitwe. Nikamketisha kwa kiti cha mzee. Nikamwambia mbele yao, "Mama, nilikudanganya kuhusu mtoto wako. Nilikosa." Aliangalia mikono yake.

Halafu nikawageukia wangu, nikawaambia hivi: "Kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akifa, kila mwenzake aambiwe siku hiyo hiyo, awe barabarani, awe amefungiwa, awe mgonjwa. Msimuulize kama amekaa chini. Mwambieni, halafu msikate simu mpaka amalize kulia."