Kiapo cha Wifi Yangu

Ndugu zangu mliolazwa hapa, na nyinyi mnaowauguza, nimekuja kukaa nanyi kidogo. Mimi ni mkulima wa Mtongwe, Likoni. Kabla ya kuugua nilikuwa nikilima mihogo na kunde miguu mitupu, kama alivyolima mama yangu, na jioni namtania wifi yangu Mwanamkasi, dada wa mume wangu. Huyo ndiye hasa niliyekuja kumsema.

Ugonjwa ulianza kwa uchovu. Nikipiga jembe kidogo, nakaa chini. Kisha fizi zikawa zinatoka damu, na mwili ukajaa mavilio meusi ya damu, kama mtu aliyepigwa, hata majirani wakaanza kumwangalia mume wangu kwa jicho baya, maskini, mtu asiyeweza hata kuchinja kuku. Homa ilipokataa kushuka tulivuka feri kwenda hospitali. Nikatolewa damu, nikadungwa sindano kwenye mfupa, na daktari, mama mmoja mpole, akaniambia nina saratani ya damu. Nililia mpaka kamasi zikanishuka.

Nikalazwa, wifi akaja na kanga zake kuniuguza. Siku moja kabla ya dawa kuanza, akiniogesha, aliona mstari mwekundu pajani, umejipinda, unawasha. Jioni mstari ulikuwa umehama, umepanda hadi matakoni. Nikaona haya. Nilishafunuliwa vya kutosha, hilo nikataka nibaki nalo. Nikamwapisha wifi asimwambie mtu, naye akaapa kwa jina la Mungu.

Asubuhi daktari alipokuja kunianzisha dawa, wifi akasimama.

"Daktari, kabla hujampa, mtazame paja. Kuna kitu chatembea humo."

Nilitamani kitanda kinimeze. Daktari alinikagua, akasitisha dawa, akaagiza choo changu kipimwe. Wakaona minyoo midogo iliyoingilia nyayoni kutoka kwenye udongo wa shamba, pengine miaka mingi nyuma. Hakuna aliyekuwa akiitafuta. Mume wangu alisihi nianze kutibiwa saratani kwanza, maana ndiyo inayoniua.

"Dawa hizi zinashusha kinga ya mwili," daktari akamwambia. "Nikimpa leo, minyoo itatapakaa hadi mapafuni. Tutampoteza kabla saratani haijaguswa."

Nikapewa vidonge vya minyoo, huku nikiongezwa damu waliyojitolea jamaa zetu. Choo kilipokuwa safi, tukaanza. Siwafichi: nywele zilitoka, mdomo ukajaa vidonda, niliharisha kitandani. Wifi alinisafisha bila kukunja uso, akanilisha uji kwa kijiko. Yeye mwenyewe mchana hakuwa akila. Nikimuuliza, ananiambia chakula cha hospitali hakina chumvi.

Leo daktari haoni saratani kwenye damu yangu, alhamdulillahi. Bado narudi kliniki, na shambani naingia na viatu vya mpira. Nanyi mwambieni daktari kila kitu, hata kile cha aibu. Msikae nacho.

Nilipopata nguvu za kugombana nilimuuliza wifi vipi alivunja kiapo chake, tena mbele ya watu. Akacheka. Ndipo nikajua kwa nini mchana hakuwa akila.

"Nilikuwa nafunga, kafara ya kuvunja kiapo chako," akasema. "Siku tatu tu, wifi. Ningekuzika, ningefunga mpaka lini?"