Muziki wa Bila Maneno

Zorobabel Maliro alikuwa mwalimu wa kwaya mjini Butembo, na siku ya kwanza alipoweka muziki wa classique, ule wa Kizungu wa ala tupu, kwenye radio ya kanisa, wenye maduka walifunga milango. Walikumbuka vizuri: radio ya serikali ikianza kuliza violoni bila maelezo, basi mkubwa fulani amekufa au amepinduliwa. Ikabidi akatize kaseti na kushika maikro.

“Jamani, hakuna mukubwa mwenye alikufa. Hii ni muziki ya kupumuzisha roho tu. Mufungue maduka!”

Kaseti aliachiwa na pasta mzungu aliyerudi kwao. Watu walicheka, wakazoea, mwisho wakanogewa. Jumapili baada ya ibada, wanawake waliochagua maharagwe uani waliweka radio katikati yao wakanyamaza. Mshona nguo mmoja alimkamata njiani: “Mwalimu, ile ya violoni yenye kulia sana, utaiweka tena lini?”

Vita ilipofika, waasi walipanda kilimani kwenye radio. Komanda wao, kijana asiyevua miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alikataza habari, akakataza na komunike, yale matangazo ya vifo.

“Makelele te! Hapana makelele!” alisema. “Hapana tena fulani alikufa, fulani aliuawa. Weka ile muziki yako ya bila maneno. Inatuliza batu.”

Basi muziki ukalia asubuhi hadi jioni. Siku za mwanzo Zorobabel aliona hata raha kidogo. Hakuwahi kupewa nafasi kubwa namna ile.

Halafu dada yake Joyeuse, muuza samaki, aliuawa na watu wenye bunduki njiani akitoka ziwani Kyavinyonge. Mume wake, Éphraïm, alipanda studio na matope bado miguuni.

“Shemeji, tangaza. Mama yenu iko Beni, hajajua. Barabara imefungwa, hakuna mutu wa kutuma. Maiti haitangoja.”

Zorobabel alitazama mlangoni. Askari aliyeketi pale aliinua bunduki kidogo kutoka magotini, akatikisa kichwa. Hata hakuwa amekasirika. Zorobabel akageuza kaseti upande wa pili, akabonyeza. Éphraïm akamwangalia, kisha akateremka bila kuaga.

Joyeuse alizikwa bila mama yake.

Barabara ilipofunguka, Zorobabel alienda Beni, mtaa wa Ruwenzori, kumweleza mama yake ana kwa ana. Mama Kavira alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliuliza ilikuwa siku gani, na alipojibiwa akaziba mdomo kwa mkono.

“Ile siku nilikuwa namenya mihogo,” alisema baadaye. “Nikasikia radio yako. Nikaambia jirani: sikia muziki ya mutoto wangu, kule Butembo kuko amani. Nilifurahi, Zoro. Nilicheka.”

Zorobabel hakurudi studio. Waasi waliweka mtu mwingine wa kugeuza kaseti, na muziki ukaendelea kama kawaida.

Vita ilipoisha, au iliposemwa imeisha, komunike zilirudi, zikaleta vifo vya miaka mizima. Zorobabel alidhani watu wangeuchukia ule muziki. Wapi! Walimsimamisha sokoni, wakamfuata kanisani wakiuulizia. Pasta Melchior, mkuu wa radio, alikuja mpaka nyumbani.

“Batu banauliza, Mwalimu. Ile muziki ndiyo ilitubeba siku zile.”

“Ilitubeba kwenda wapi?”

Pasta alikunywa chai yake, akaondoka.

Kipindi cha muziki kikarudi bila yeye. Mama Kavira, aliyekuwa amehamia kwake, hakukikosa hata Jumapili moja. Radio aliipakata mapajani. “Njoo ukae, mwanangu,” alimwita. “Huyu wa leo anapiga kinanda muzuri sana.”

Zorobabel alichukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba kulima mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu. Sauti ikamfuata huko kupitia dirishani. Alilima kwa hasira, kisha kwa mpango, mpaka akagundua kwamba jembe lilikuwa likishuka pamoja na kinanda, pigo kwa pigo. Akalitupa majanini, akasimama pale, mikono ikining'inia.