Vitumbua Vitatu kwa Watoto Wanne

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule akiwa na uso wa huruma. "Mama, Madame yetu hajue kitu. Anatuulizaka tu siye." Nikageukia sufuria ya bukari ili asinione ninavyocheka.

Mimi pia nilikuwa na Madame wa namna hiyo. Mchana mmoja, mvua ikipiga mabati, aliweka mezani vitumbua vitatu vya moto na darasa zima likanukia mafuta. Akawaita watoto wanne mbele, akauliza tutawagawia vipi wapate sawasawa. Tulingoja atuambie. Yeye akasema tu, "Miye sijue. Mweye munawaza namna gani?" Kengele ikalia tukiwa bado tunabishana.

Nilimhurumia sana. Nilijua direkta wa shule akisikia atamfukuza. Wenzangu walipotoka nikabaki, nikamnong'oneza, "Madame, usiogope. Nitakuonyesha."

Madame akaenda akafunga mlango taratibu. Nikakata kila kitumbua katikati, nikagawa nusu moja moja kwenye mafungu manne, zikabaki mbili, nazo nikazikata tena. Aliinamia vile vipande kama mtu anayeona ajabu.

"Na kama batoto beko batano?" akanong'ona naye.

Tulihangaika na makombo mpaka mvua ikakatika. Nikaenda nyumbani na vidole vya mafuta, nikiwa na hakika kwamba nimeokoa kazi yake.

"Kesho nitabaki nimufundishe," binti yangu akasema.

"Ni vizuri," nikamwambia. "Lakini mufunge mlango kwanza."