Jino Nililokataa Kung'oa

Madaktari wa meno wenzangu wa Goma waliposikia kwamba nakwenda kutibu bure meno ya watoto wa kambi za wakimbizi wa vita za Kitshanga, walinipa ushauri mmoja: ng'oa. Watoto ni wengi, umeme hakuna, kuziba ni kwa watoto wa mjini. Ushauri huo ulinikera na unanikera mpaka leo. Koleo nililibeba, sikatai, lakini juu yake nilipanga vijiko vidogo vya chuma vya kukwangulia uozo, na kopo la sima, saruji ya kuzibia meno, ile ya unga inayokorogwa kwa mkono na kukauka yenyewe mdomoni.

Nilikuwa na sababu yangu. Nilizaliwa Masisi, na nikiwa darasa la pili jino langu kubwa la nyuma lilianza kuuma. Nyumbani wote walisema ni jino la utoto, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mtoto. Mjomba akaling'oa, nikaambiwa ningoje, litaota lingine. Bado nangoja. Jino lile huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, bila kusukuma lolote, ndiyo maana watu hawalitambui kuwa ni la kudumu.

Nilikuwa nimeazimwa darasa moja pale Kitshanga. Bibi mmoja aliingia akimvuta mjukuu wake, msichana wa miaka saba aliyekuwa akitafuna upande mmoja tu. Nikamfunua mdomo. Tundu jeusi, jino lilelile la nyuma, chini kulia. Uozo ulikuwa haujafika kwenye mshipa.

“Ngoa,” bibi akasema.

“Koko,” nikamwambia, kama bibi anavyoitwa kule, “hii hatutaingoa. Tutaisafisha, tuizibe.”

“Iko jino ya utoto. Itaota ingine.”

“Haitaota tena. Angalia yangu.” Nikaachama, nikamwonyesha pengo.

Akalichungulia, akaguna. “Ni weye ulikosa bahati.”

Kina mama kwenye foleni wakaangua kicheko. Nami nilicheka, ila damu ilikuwa inanichemka. Pale daktari wa meno huaminiwa kwa jino alilolitoa. Mama hukabidhiwa jino kwenye kipande cha pamba, hulitazama, huridhika, huenda zake. Mtoto akitoka na meno yake yote, wanaona wamechezewa. Bibi akanyoosha kiganja mbele yangu. “Miye nataka kuiona hapa, mu mukono.”

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelicheka. “Dokta, tumekimbia mara mingi. Tutakimbia tena. Ile sima yako ikitoka tukiwa mu pori, nani atamutengeneza? Ukingoa, inaisha leo.”

Alikuwa na haki ya kuogopa, na hicho ndicho kilichonipandisha hasira: vita vimemfikisha mtu mzima mahali pa kuona jino la mjukuu wake kuwa mzigo wa kuacha nyuma. Nilimjibu kwa sauti iliyosikika darasa zima. “Koko, mulishaacha nyumba, mashamba na ngombe. Hii jino hamutaiacha. Mukikimbia, atakimbia nayo.”

Bibi akamgeukia mjukuu, ambaye mpaka hapo hakuna aliyemuuliza kitu. “Na weye unataka nini?”

“Nataka kula mahindi na hii upande,” mtoto akasema.

Bibi akaketi. “Fanya. Lakini ikimuuma, nitakutafuta.”

Nikakwangua polepole, nikakausha kwa pamba, nikakoroga sima, nikaibana kwa kidole mpaka ikashika. Msichana alikodolea mabati macho, wala hakutikisika. Bibi aliondoka bila kuaga, kiganja kitupu.

Miezi ikapita, milio ya bunduki ikasogea, na Kitshanga ikakimbia. Nami nikakimbia, sanduku langu limefungwa nyuma ya pikipiki, hadi Masisi. Nikaweka benchi langu kando ya kanisa, maana watoto waliokimbia walikuwa wamekuja na meno yao yanayouma. Wenzangu wa Goma wakanipigia simu kuuliza kama sasa nimejifunza. Nilikuwa nimejifunza kubeba sima zaidi.

Asubuhi moja nikasikia sauti nyuma ya foleni. “Iko wapi ule dokta wa pengo?”

Niliitambua mara moja: ni yule bibi wa Kitshanga. Nikajua sima imetoka, jino limeoza porini, na bibi ametimiza ahadi yake ya kunitafuta. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye benchi, kamshika mjukuu mkono, hata salamu hakunipa. Akamwachamisha mtoto, akamtia kidole chake mwenyewe mdomoni, kulia, nyuma kabisa.

“Uma!”

Msichana akaniangalia, akasita.

“Nimesema uma, na nguvu!”

Akauma. Bibi akapiga yowe, akachomoa kidole, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Halafu akapita kwenye foleni, mama mmoja baada ya mwingine, akiwaonyesha alama nyekundu ya jino mkononi mwake.

“Muione,” akawaambia. “Tulikimbia nayo.”