Nilivyomjibu Mjane wa Zamani

Wasomaji wenzangu, aibu hii ilinipata wiki yangu ya kwanza kazini, katika maktaba moja ya mji wa Saint Paul. Bosi wangu, Mama Ellen, alinikabidhi nakala zilizopigwa taipu za barua za wananchi kwa kiongozi mstaafu. “Zishughulikie,” akasema.

Nikadhani mzee anahitaji karani wa kumjibia. Mjane mmoja aliyemwombea mwanawe kazi alinigusa, nikamwandikia kurasa mbili za kumtia moyo, kisha nikaenda kuuliza anwani yake.

Mama Ellen akavua miwani. “Joseph, barua hizi ziliandikwa taifa hili likiwa bado changa. Mjane na kiongozi walishakufa zamani. Nilitaka uziorodheshe tu.”

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaichukua barua yangu, akaisoma taratibu.

“Sidhani kama kuna aliyewahi kumjibu,” akasema. “Kesho ukae nami, tuzisome pamoja.”