Fundi Nanga na Breki za Mkunga

"Gari nikilishika breki mimi, halirudi. Likirudi, jueni limekuja kunisalimia."

Nanga aliyasema hayo mbele ya mkutano wa mtaa, ameshika kipaza sauti ambacho hakuna aliyempa. Watu walikuwa wamekutana kuomba matuta kwenye mteremko wa zahanati. Yeye akaugeuza mkutano kuwa tangazo la biashara. Watu walicheka, mwenyekiti akakohoa, na mkewe akajifunika uso kwa mtandio. Haikupita muda likatokea gari moja lenye adabu kupita kiasi. Gari la mkunga lilikuja kumsalimia mara tatu ndani ya wiki tatu.

Nanga si jina la kwenye cheti. Zamani alikuwa dereva wa gari la maji, mpaka siku moja alipokanyaga breki mguu ukaenda moja kwa moja hadi sakafuni, na gari likaingia kwenye duka la magodoro. Magodoro ndiyo yaliyomwokoa. Alitoka mzima, akalizunguka gari mara mbili, kisha akajilaza chini yake kuangalia kilichotaka kumuua. Tangu siku hiyo aliacha kuendesha magari, akaanza kuyasimamisha.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa ubao mwembamba. Mbele, upande wa barabarani, mkewe alishona nguo. Nyuma, kwenye ua, yeye alifungua magurudumu. Wateja wa mke walirudi nyumbani wananukia grisi, wateja wa mume walirudi na nyuzi kwenye suruali, na hakuna aliyelalamika, maana wote wawili walijua kazi.

Ijumaa asubuhi, mara ya tatu, mkunga aliingia uani polepole, breki ya mkono imevutwa nusu. Pembeni alikaa mdogo wake, mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno yanayong'aa zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikikanyaga ni kama nakanyaga godoro."

Nanga hakupenda mfano huo.

"Dada, gari lina miaka thelathini," mdogo mtu akadakia. "Hata binadamu akifika hapo mgongo unaanza kusema."

"Mimi nina sitini na nne na mgongo wangu uko kimya. Anayesema ni wewe."

Lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya siku zote. Juzi alikuwa amelipita lango la zahanati bila kutaka, akasimamia ukutani. Nyumba za juu kilimani hazikuwa na usafiri mwingine. Mwanamke akishikwa na uchungu kule, kilichomshusha ni kiti cha nyuma cha gari hili. "Siwezi kumpakia mama mjamzito kwenye gari nisiloliamini," alisema. "Tumekubaliana na mdogo wangu. Kesho saa sita anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Likisimama, libaki. Lisiposimama, liende, na mimi nitapumzika."

Neno *nitapumzika* lilimtoka kama jino.

Nanga akaona aibu, na aibu ikamharakisha. "Masta silinda imekufa," akatangaza. Hiyo ndiyo pampu inayosukuma mafuta ya breki mtu akikanyaga pedeli. "Ya gari la zamani hivi lazima iagizwe. Wiki mbili."

"Basi," mdogo mtu akasema, akatabasamu kama aliyepewa hati.

Walipoondoka, wameliacha gari, mkewe Nanga akatokeza kichwa, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Baba watoto, umeikanyaga?"

"Nini?"

"Pedeli."

"Nimeikanyaga wiki tatu nzima."

"Leo je?"

Nanga akajifanya anatafuta spana.

Mkewe akavua kiatu, akaingia kwenye gari. Alikuwa amekanyaga cherehani miaka ishirini. Mguu wake ulisikia vitu ambavyo masikio ya watu wengine hayasikii. Akakanyaga, akashikilia, akahesabu mpaka sitini.

"Haizami," akasema. "Inabonyea, halafu inaganda hapo hapo. Wewe mwenyewe ulinifundisha, masta silinda ikifa pedeli inashuka taratibu, kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye hotuba." Akaipampu mara tatu haraka. "Ona sasa, imepanda. Hiyo ni nini?"

"Hewa," Nanga akasema kwa sauti ndogo.

"Hewa, mume wangu. Na iliyobaki uliijaza kwenye kipaza sauti."

"Mgema akisifiwa..."

"Mgema alisifiwa na watu. Wewe ulijisifu mwenyewe. Haya, fanya kazi."

Tatizo ni kwamba hewa alikuwa ameshaitoa, mara mbili. Kila mara mkewe alikanyaga, yeye akafungua skrubu ya kutolea upepo, mafuta yakatoka safi bila hata povu moja. Sasa hewa ikae wapi? Safari hii akaacha kubahatisha. Akachukua makoleo, akayavisha mipira midomoni, akabana mabomba yote laini yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu.

"Kanyaga."

"Jiwe!"

Basi masta silinda ilikuwa nzima, na yeye alikuwa ameizika ikiwa hai. Akaachia ya nyuma.

"Bado jiwe."

Akaachia la mbele kulia.

"Imelegea."

Akalibana tena, akaachia la kushoto.

"Nayo imelegea. Zimeambukizana?"

Nanga akafungua magurudumu ya mbele, akalala chali juu ya gunia, akatazama kalipa, kile chuma kinachoing'ata sahani ya gurudumu ili gari lisimame. Alikuwa amezifungua zote mbili wiki tatu nyuma, akabadilisha mipira ya ndani na, kwa kuwa ana madoido, akazipaka rangi ya fedha. Zilipendeza. Ila skrubu za kutolea upepo zilikuwa zinatazama ardhini.

Akaelewa. Hewa hupanda juu, hata mtoto akitikisa chupa ya maji anajua. Skrubu ikiwa chini, mafuta hutoka safi na upepo hubaki umejikalia darini. Wiki tatu alikuwa anaufungulia mlango wa chini na kushangaa kwa nini mgeni haondoki. Alikuwa amefunga kalipa ya kushoto kulia, na ya kulia kushoto.

Akageuza macho kwenye kamba ya nguo. Alikuwa amezianika kalipa pale zikauke rangi, ya kushoto mwisho wa kushoto, ya kulia mwisho wa kulia. Mkewe naye alikuwa anaitazama kamba hiyo hiyo.

"Nilizihamisha mimi," akasema. "Nilikuwa na gauni jeupe la mteja, nikaogopa rangi. Nilizirudisha jioni, sikujua vyuma navyo vina mkono wa kushoto."

Kisingizio kilikuwa kimesimama mbele yake, kimeshonwa vizuri, kinamkaa. Nanga akakipima, akakivua.

"Uliyehamisha ni wewe. Aliyefunga bila kutazama ni mimi."

Wakazibadilisha mchana huo huo. Safari hii skrubu ilipofunguliwa upepo ulitoka kwa kelele, povu tele, chupa nzima ya mafuta mapya ikaenda. Pedeli ikapanda, ikawa ngumu, ikakataa kusukumwa na mkewe hata alipoinuka kwenye kiti.

Kazi ikawa imebaki moja tu, nayo haikuwa ya spana. Angeweza kusema amebahatika kupata masta silinda. Nani angejua? Lakini alimjua mdogo wa mkunga. Angesema leo imekufa masta silinda, kesho injini, keshokutwa dada yangu. Gari likihesabiwa kuwa limeugua uzee, lingeuzwa tu, kama si Jumamosi hii basi ijayo. Ili gari libaki, ilibidi ugonjwa uwe wa fundi.

Saa sita walikuja wote, na mnunuzi wa vyuma chakavu na mnyororo wake. Majirani nao walikuja, majirani hawaalikwi.

"Masta silinda umeipata?" mdogo mtu akauliza.

"Ni nzima. Gari hili halina uzee wowote kwenye breki. Nilifunga kalipa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Wiki tatu mama ameendesha kosa langu."

Majirani wakasogea karibu. Kisha fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti, "Nanga! Mimi nikikushonea cha kushoto kulia, utanilipa?"

"Sikulipi hata senti!"

Kicheko kikapasuka, na Nanga akashangaa kuona hakimuumi alivyodhani.

"Kwa hiyo tumwamini fundi asiyejua kushoto kwake?" mdogo mtu akasema.

"Usiniamini. Panda."

Mkunga alikuwa tayari kwenye usukani. "Mficha uchi hazai," akasema. "Miaka arobaini nawaambia wanawake. Leo ndiyo kwanza mwanamume amenisikia."

Wakateremka mteremko wa zahanati, Nanga mbele, mdogo mtu nyuma kama shahidi. Katikati, pale penye mteremko mkali kuliko pote, mkunga akakanyaga bila kuaga. Gari likasimama papo hapo, na paji la uso la shahidi likagonga kiti cha mbele.

"Limesimama?" mkunga akauliza, anamtazama kwenye kioo.

"Limesimama, dada," akajibu, anajisugua.

Waliporudi uani, mnunuzi alikuwa ameshakunja mnyororo, anauliza kama kuna mwenye friji mbovu. Mkunga akaweka mkoba wake wa kazi kwenye kiti cha nyuma, akafunga mlango taratibu, mara mbili, kama anayemlaza mtoto.

"Nikupe ngapi?"

"Kazi sidai, mama. Nilishalipwa kwa kuikosea."

"Na mafuta?"

"Chupa moja ya mafuta ya breki ni elfu tisa, mama," Nanga akasema, akanyoosha mkono.